Mafao ni ya mpangaji, shirika la nyumba linaumia wapi?

Dada mmoja anayeishi Sheffield, Uingereza, ametuandikia hivi:

"Mimi ni mpangaji wa shirika la nyumba, na mwaka huu wapangaji wenzangu wamenichagua niwawakilishe kwenye kamati inayokutana na uongozi. Kikao cha kwanza tuliuliza kwa nini kazi ya kubadilisha madirisha imeahirishwa tena. Meneja akajibu kwamba mageuzi ya mafao, hizi fedha za msaada ambazo serikali huwapa wenye kipato kidogo, yameliumiza shirika. Nimekulia Upanga, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa, ambako mpangaji alilipa kodi kutoka mfukoni mwake, basi. Sasa sielewi. Mafao ni yangu, yakipunguzwa ninayebanwa ni mimi. Wao yanawahusu nini? Au ni kisingizio?"

Dada yangu, hongera kwa kuchaguliwa. Meneja wako hakudanganya, ila amekupa nusu ya jibu, na hiyo nusu aliyoibakiza ndiyo yenye fedha nyingi. Nimekuwa kwenye kazi hii ya kufuatilia kodi katika mashirika ya nyumba ya Uingereza kwa muda mrefu, kwa hiyo niruhusu nikueleze taratibu, ili kikao kijacho ujue unamuuliza nini.

Anza na mapato. Shirika la nyumba linaishi kwa kodi za wapangaji. Ndizo zinazolipa mafundi, mishahara, bima na riba za mikopo. Kwa kuwa nyumba hizi hupewa watu wenye kipato kidogo, sehemu kubwa ya kodi hiyo tangu zamani imetoka serikalini kwa njia ya mafao. Hapo ndipo penye tofauti na Upanga. Chini ya utaratibu wa zamani, Housing Benefit, yaani fao la kusaidia kulipa kodi ya nyumba, ilishughulikiwa na halmashauri ya mji, na kwa wapangaji wa mashirika ya nyumba fedha kwa kawaida zilikwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika. Kuna wapangaji waliokaa miaka bila kuigusa kodi yao kwa mkono. Kwenye karatasi mlipaji alikuwa mpangaji, lakini kwa hali halisi alikuwa Hazina ya Uingereza.

Benki ziliupenda sana utaratibu huo. Tangu Sheria ya Nyumba ya 1988, mashirika haya hujenga kwa kuchanganya ruzuku na mikopo ya benki na masoko ya fedha. Aliyekopesha alijua kwamba nyuma ya kodi ya mama wa watoto watatu asiye na kazi imesimama serikali, hivyo alikopesha kwa riba nafuu na kwa miaka mingi. Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia.

Kisha ikaja Sheria ya Mageuzi ya Mafao ya 2012. Watu wengi huisoma kama sheria ya kupunguza viwango. Ilipunguza, ndiyo. Lakini kwa sisi tunaokaa na hesabu za kodi, iliyobadilika zaidi ni njia ambayo fedha inapita. Universal Credit, iliyoanza kwa majaribio Ashton-under-Lyne Aprili 2013, ilikusanya mafao sita kuwa moja, Housing Benefit ikiwa ndani yake, na ikaanza kumlipa mpangaji mwenyewe kila mwezi, kodi na chakula vikiwa fungu moja. Leo hii karibu wapangaji wote wa umri wa kufanya kazi wanaopata msaada wa kodi wako huko. Waliobaki kwenye Housing Benefit ni hasa wazee wa umri wa pensheni na watu walio kwenye nyumba za uangalizi maalumu au makazi ya muda.

Serikali ilijua kitakachotokea. Kati ya 2012 na 2013 iliendesha majaribio katika maeneo sita, Oxford, Southwark, Wakefield, Shropshire, Torfaen na Edinburgh, na watafiti waliopima matokeo waliongozwa na chuo kikuu cha hapo hapo kwenu, Sheffield Hallam. Wapangaji waliolipwa wenyewe walilipa asilimia 95.5 ya kodi waliyodaiwa, wakati wale wa kulinganishwa nao walilipa asilimia 99.1. Pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi mwanzoni, likapungua watu walipozoea. Ukiyasoma haraka utasema si mbaya, watu wengi walilipa. Kweli, walilipa, na hilo liwanyamazishe wanaosema maskini akipewa fedha mkononi ataitapanya. Lakini kwa shirika ambalo bajeti yake imepangwa kwa kudhani kodi inaingia karibu yote, asilimia tatu au nne zikipotea, na zaidi ya hapo mwanzoni, ni nakisi halisi.

Na huo mwanzo ndio wenye matatizo. Tuchukue akaunti ya kodi ya mpangaji mmoja wa mfano, kodi pauni 110 kwa wiki. Amepoteza kazi, Jumatatu ameomba Universal Credit. Sheria inataka kipindi cha mwezi mzima kihesabiwe kwanza, kisha karibu wiki moja ya kuandaa malipo. Hizo ni wiki tano. Hadi mwaka 2018 zilikuwa sita. Kila Jumatatu akaunti yake inaandikwa deni jipya: 110, 220, 330, 440, 550. Siku fedha ya kwanza inapoingia, sehemu ya nyumba ni pauni 476.67, yaani kodi ya wiki 52 igawanywe kwa miezi 12. Hata akiituma yote siku ile ile, bila kununua hata mkate, bado anadaiwa. Kama alichukua mkopo wa awali wa serikali ili asilale njaa wiki hizo tano, basi mafao yake yatakatwa kila mwezi kuulipa, na deni la kodi nalo linasubiri upande wa pili. Tangu Aprili 2018 aliyekuwa tayari kwenye Housing Benefit hupewa wiki mbili za ziada anapohamia Universal Credit, na zinasaidia kweli. Anayeomba kwa mara ya kwanza hapati hizo.

Binafsi naona kungoja wiki tano ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mfumo huu. Mtu mwaminifu kabisa, ambaye hajawahi kuchelewesha kodi, anatumiwa barua ya deni kabla hajapokea hata senti. Nimewapigia simu watu wa namna hiyo na kuwasikia wakilia kwa aibu.

Yako pia mambo madogo yanayoumiza polepole. Kodi zinapopanda Aprili, kila mpangaji aliye Universal Credit anatakiwa athibitishe kodi mpya kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Asipofanya hivyo, analipwa kwa kodi ya zamani na tofauti inageuka deni. Chini ya Housing Benefit, shirika lilituma faili moja halmashauri na kazi ikaisha. Sasa mwezi huo ofisi nzima inashinda kwenye simu: "Mama, umebonyeza? Umeandika kiasi kipya?" Kuna wapangaji wa Kikongo na Kirundi katika miji ya kaskazini wanaopigiwa simu hiyo kwa Kiingereza na kuitikia "yes, yes", kisha hawafanyi lolote kwa sababu hawakuelewa. Na kuna mwaka kama ule ulioanza Jumatatu tarehe 1 Aprili 2024, wenye Jumatatu 53. Kwa shirika linalotoza kodi kila Jumatatu wiki ni 53, Universal Credit inahesabu 52, na ile moja mpangaji aitafute anakojua.

Ukidaiwa kodi ya miezi miwili, au ukiwa na udhaifu unaotambulika, mwenye nyumba anaweza kuomba alipwe moja kwa moja na makato ya deni yaende kwake. Lakini angalia: mtu mpaka awe ameanguka ndipo mlango unafunguliwa. Uskoti mpangaji anaweza kuchagua mwenyewe fedha ya nyumba iende kwa mwenye nyumba, na anaweza kuomba alipwe mara mbili kwa mwezi. Ireland ya Kaskazini hayo mawili ndiyo utaratibu wa kawaida. Universal Credit ni ile ile. England imekataa tu, na sijawahi kusikia sababu iliyoniridhisha.

Hilo ndilo fungu la kwanza la maumivu: fedha inachelewa na inapita mikono mingi. La pili ni kodi ambayo haitakuja kabisa.

Aprili 2013 yalianza makato ya chumba cha ziada. Mpangaji wa umri wa kufanya kazi katika nyumba ya halmashauri au shirika akionekana ana chumba kimoja zaidi ya anavyohitaji, msaada wa kodi unapunguzwa asilimia 14, na vikiwa viwili au zaidi, asilimia 25. Watoto wawili wa jinsia moja chini ya miaka 16 wanahesabiwa chumba kimoja, na walio chini ya miaka 10 wanachangia hata wakiwa wa kike na wa kiume. Wizara ya Kazi na Pensheni ilikadiria kaya 660,000 zingeguswa, wastani wa pauni 14 kwa wiki. Kwa ile kodi yetu ya 110, chumba kimoja ni pauni 15.40 kila wiki, zaidi ya pauni 800 kwa mwaka.

Wazo lilikuwa watu wahamie nyumba ndogo. Zipo wapi? Mashirika mengi ya kaskazini yalijenga au kurithi nyumba za familia za vyumba vitatu, kwa sababu ndizo zilizotakiwa wakati ule. Mama ambaye watoto wake wameondoka angependa kuhama, lakini nyumba ya chumba kimoja mtaani kwake haipo. Basi anabaki, anakatwa, deni linakua. Shirika nalo likawa na nyumba za vyumba vitatu ambazo wasio na watoto wengi wanaziogopa. Serikali ya Uskoti iliamua kuyafidia makato haya kwa fungu la msaada maalumu. England fungu kama hilo lipo kwa halmashauri, lakini dogo na la muda.

Dari ya mafao, yaani ukomo wa jumla ya mafao ambayo kaya inaweza kupata, inabana upande mwingine, kwa familia kubwa, na hapa wasomaji wetu wengi wanahusika. Dari iliwekwa 2013 kwa pauni 26,000 kwa mwaka kwa familia. Novemba 2016 ikashushwa hadi 20,000 nje ya London na 23,000 ndani. Aprili 2023 ikapandishwa kufikia 22,020 na 25,323. Familia ya Kikongo iliyoletwa na mpango wa wakimbizi, baba, mama na watoto wanne wote waliozaliwa baada ya Aprili 2017, bado hakuna mwenye kazi: kwa viwango vya 2025 posho ya msingi ya Universal Credit, sehemu yake ya watoto (iliyolipwa wakati huo kwa watoto wawili tu) na mafao ya watoto yanayolipwa kando, Child Benefit, vilifika takriban pauni 1,550 kwa mwezi. Dari nje ya London ni 1,835 kwa mwezi. Iliyobaki kwa kodi ilikuwa kama 285. Nyumba ya vyumba vinne kwa pauni 130 kwa wiki ni 563 kwa mwezi. Pengo lilikuwa karibu pauni 280 kila mwezi, na hakuna bidii ya kubana matumizi ambayo ingeliziba.

Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kwamba ukomo wa watoto wawili ungeondolewa kuanzia Aprili 2026, na nilifurahi kwa moyo wote, kwa sababu ukomo huo uliwaadhibu watoto kwa kuzaliwa. Lakini dari ilibaki. Familia ambayo tayari imeigonga haipati nyongeza yoyote, maana kinachoongezwa kwa watoto kinakatwa kwenye nyumba. Kinachoondoa dari ni kipato cha kazi kinachofikia kiwango kilichowekwa, au mafao fulani ya ulemavu na ya kumtunza mlemavu. Ndiyo maana shirika lenye akili, kabla ya kumfukuza mtu, linamtuma mshauri wa mafao akague kama kuna mtoto mgonjwa ambaye hajaombewa kitu.

Na lisilo na akili, au lililoishiwa, linafanya nini? Linaanza kuchagua wapangaji. Siku hizi kabla ya kukabidhiwa ufunguo unahojiwa kipato na matumizi, na baadhi huulizwa kodi ya wiki moja au zaidi kabla. Anayeonekana hataweza kulipa anaweza kurukwa. Yaani nyumba zilizojengwa kwa ajili ya maskini zinaanza kumwogopa maskini kabisa. Katika kamati yako ulizia hili kwa ukali: mwaka uliopita ni waombaji wangapi walikataliwa kwa sababu ya uwezo wa kulipa, na walikwenda wapi?

Sasa lile fungu la tatu, ambalo meneja wako hakulitaja, pengine kwa sababu si rahisi kumlaumu mpangaji kwalo.

Julai 2015 waziri wa fedha George Osborne alitangaza kwamba kodi za nyumba za kijamii England zitapunguzwa asilimia 1 kila mwaka kwa miaka minne kuanzia Aprili 2016. Lengo lilikuwa kupunguza gharama ya Housing Benefit, kwa hiyo ni mageuzi ya mafao kama yale mengine, ingawa yaliingia kwa mlango wa kodi. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imeyaahidi mashirika miaka kumi ya kodi kupanda kwa mfumuko wa bei jumlisha asilimia 1, kuanzia Aprili 2015. Ahadi ya miaka kumi ilidumu mwaka mmoja.

Fanya hesabu. Kodi ya pauni 100 baada ya miaka minne ya kupunguzwa ni 96.06. Kama ingepanda asilimia 2 tu kwa mwaka ingekuwa 108.24. Tofauti ni pauni 12.18 kwa wiki. Kwa shirika la nyumba 5,000 hiyo ni zaidi ya pauni milioni 3 kila mwaka, na haikuishia mwaka wa nne, kwa sababu kila ongezeko lililofuata lilianzia kwenye kodi iliyokwisha shushwa. Ofisi ya Wajibu wa Bajeti ya Uingereza ilikadiria wakati ule kwamba hatua hiyo ingepunguza nyumba mpya 14,000. Kisha Aprili 2023, baada ya bei kupanda asilimia 10.1 kufikia Septemba 2022, serikali iliwazuia wasipandishe zaidi ya asilimia 7, wakati saruji, mbao na mishahara ya mafundi havikuwekewa kizuizi chochote.

Simlaumu aliyefurahia kodi kushuka. Mpangaji anayelipa kutoka kwenye mshahara wake alipata nafuu ya kweli. Lakini anayelipiwa kodi yote na mafao hakubaki na kitu zaidi mfukoni, akiba ilirudi Hazina, na madirisha yake yakaahirishwa.

Rudi sasa kwa benki. Mkopo wa shirika la nyumba una masharti: ziada ya mwaka iweze kulipa riba mara kadhaa, madeni yasizidi kiwango fulani. Kodi isiyolipwa inapoongezeka, fungu la madeni yasiyolipika hukua na ziada hupungua. Shirika haliwezi kuacha kulipa riba. Haliwezi kuacha usalama wa moto, hasa baada ya moto wa jengo la Grenfell jijini London mwaka 2017. Wala ukungu na unyevu, kwa sababu tangu Oktoba 2025 sheria iliyotokana na kifo cha mtoto Awaab Ishak huko Rochdale inawapa wenye nyumba muda maalumu wa kushughulikia hatari hizo. Kinachobaki cha kusogezwa ni kile kisichovunja sheria mwaka huu: jiko, paa, madirisha.

Hata hivyo usikubali mageuzi ya mafao yawe jibu la kila swali. Mashirika mawili yaliyopigwa na sheria ile ile hayako katika hali moja. Moja liliajiri washauri wa mafao mapema na likakaa na wapangaji wakati wa zile wiki tano. Jingine lilikimbilia barua za mahakama, likatumia fedha kwa mawakili, likamtoa mtu nje, likakaa na nyumba tupu miezi mitatu, kisha likaanza upya na mpangaji mwingine mwenye shida ile ile.

Kwa hiyo kikao kijacho omba tarakimu, si maelezo. Omba jumla ya malimbikizo ya kodi kwa miaka mitano, na ndani yake ni kiasi gani kinatoka kwa walio Universal Credit, na kati ya hao wangapi deni lao ni lile la wiki za kungoja tu. Deni hilo ni la muda, halipaswi kumpeleka mtu mahakamani. Uliza wangapi wanakatwa chumba cha ziada na wameorodheshwa kuhamishwa tangu lini. Uliza washauri wa mafao ni wangapi na wamewapatia wapangaji fedha kiasi gani mwaka uliopita. Mashirika mengi huhesabu hilo, na mara nyingi mshahara wa mshauri unarudi mara kadhaa. Uliza kama simu za Aprili zinapigwa kwa lugha ambazo wapangaji wanazungumza, Kiswahili kikiwemo.

Halafu swali la madirisha lenyewe. Serikali imeahidi tena miaka kumi ya kodi kupanda kwa mfumuko wa bei jumlisha asilimia 1, kuanzia Aprili 2026. Mwombe meneja akuonyeshe mpango wa fedha wa shirika ulioandaliwa baada ya ahadi hiyo, ukurasa wa matengenezo makubwa, na akuonyeshe jengo lenu limeandikwa mwaka gani. Kama ukurasa huo bado una tarehe iliyopangwa kabla ya ahadi hiyo, kazi ya kamati yako imeanza.